Jaribio la kitengo

Jaribio la kitengo ni programu fupi inayoandikwa ili kukagua kama sehemu moja ndogo ya programu nyingine inafanya kazi yake sawasawa. Sehemu hiyo, ambayo ndiyo kitengo, kwa kawaida ni fanksheni moja, yaani kipande cha msimbo chenye jina lake, kinachopokea kitu, kukifanyia kazi na kurudisha jibu. Jaribio huipa fanksheni kitu ambacho jibu lake linajulikana tayari, hupokea jibu linalorudi, kisha hulinganisha majibu hayo mawili. Yakiwa sawa, jaribio limefaulu. Yakitofautiana, jaribio limefeli, na kompyuta hutaja jibu lililotarajiwa na jibu lililopatikana.

Majaribio ya vitengo huandikwa na mwanaprogramu mwenyewe, mara nyingi siku ileile anayoandika fanksheni, na huhifadhiwa pamoja na programu. Kwa hiyo ni tofauti na ukaguzi wa programu nzima, ambapo mtu huketi mbele ya programu iliyokamilika na kuitumia kama mteja atakavyoitumia. Kazi zote mbili zinahitajika. Fundi mwashi huweka pima maji kwenye kila kozi ya matofali. Hangoji nyumba iezekwe ndipo aangalie kama ukuta umenyooka.

Umuhimu

Anayeanza kujifunza kuandika programu hukagua kazi yake kwa mkono: huiendesha, huandika namba moja au mbili, na akiona jibu linalofaa huridhika na kuendelea. Njia hiyo si mbaya kwa dakika za kwanza, ila ina udhaifu wa aina mbili. Kwanza, haibaki. Fanksheni ikibadilishwa wiki ijayo, ukaguzi wote unapaswa kurudiwa, na kwa kawaida haurudiwi. Pili, mtu huchagua namba zilizo rahisi kwake, na makosa ya programu hayakai kwenye namba rahisi. Hukaa mipakani: kwenye sifuri, kwenye siku ya mwisho ya mwezi, kwenye alama ambapo daraja moja linakoma na jingine linaanza.

Mfano unaojulikana sana ni wa tarehe 31 Desemba 2008. Siku hiyo vichezeshi vya muziki aina ya Zune vya gigabaiti 30, vilivyouzwa na kampuni ya Microsoft ya Marekani, viliganda vyote kwa pamoja mikononi mwa wenye navyo. Mwaka 2008 ulikuwa mwaka mrefu wenye siku 366. Ndani ya kifaa kulikuwa na fanksheni fupi ya kugeuza hesabu ya siku kuwa mwaka. Ilipofikia siku ya 366 ya mwaka mrefu, mzunguko wake haukuwa na njia ya kutoka: siku zilikuwa zaidi ya 365, hivyo mzunguko uliendelea, lakini hazikuwa zaidi ya 366, hivyo hakuna kilichopunguzwa. Wateja walishauriwa kuacha betri iishe na kuwasha tena tarehe 1 Januari 2009 mchana, siku yenye matata ikiwa imekwisha pita. Jaribio moja la mstari mmoja, lililoipa fanksheni ile tarehe 31 Desemba ya mwaka mrefu wowote, lingeonyesha kosa hilo kabla ya kifaa kutoka kiwandani.

Mfano: kugeuza saa kuwa saa ya Kiswahili

Programu inayofaa kwa jaribio la kwanza ni ile fupi ambayo majibu yake mtu anayajua bila kompyuta. Wasemaji wa Kiswahili wanayo moja tayari vichwani mwao. Katika Tanzania, Kenya na sehemu nyingine za Afrika Mashariki saa huhesabiwa kuanzia mapambazuko na machweo, ambayo karibu na ikweta hayahamihami sana mwaka mzima. Saa 07:00 ya kimataifa ni saa moja asubuhi, saa 12:00 ni saa sita mchana, saa 19:00 ni saa moja usiku. Tofauti ni saa sita. Abiria aliyekatiwa tiketi yenye maandishi "06:00" anapaswa kufika kituoni saa kumi na mbili alfajiri. Akiisoma kuwa saa sita, atafika mchana basi likiwa limeshaondoka.

Fanksheni ifuatayo imeandikwa kwa lugha ya Python na kuhifadhiwa katika faili liitwalo saa.py. Inapokea saa ya kimataifa kuanzia 0 hadi 23 na kurudisha saa ya Kiswahili:

    def saa_ya_kiswahili(saa):
        return (saa - 6) % 12

Alama % hutoa baki baada ya kugawanya. Kwa saa 7, hesabu ni 7 kutoa 6, jibu 1. Kugawanya 1 kwa 12 baki ni 1. Kwa saa 19, hesabu ni 13, na baki ni 1 vilevile. Fanksheni inaonekana nzuri, na mtu akiijaribu kwa mkono kwa saa 7, 10 na 15 atapata 1, 4 na 9, majibu ambayo kila mtoto wa shule anayajua. Wengi wangeishia hapo.

Kuandika jaribio

Python huja na moduli iitwayo unittest, kwa hiyo hakuna cha kupakua, jambo lenye maana kwa maabara ya shule isiyo na intaneti. Jaribio huandikwa katika faili la pili, test_saa.py, linalowekwa katika folda ileile:

    import unittest
    from saa import saa_ya_kiswahili

    class JaribioLaSaa(unittest.TestCase):

        def test_saa_moja_asubuhi(self):
            self.assertEqual(saa_ya_kiswahili(7), 1)

        def test_saa_sita_mchana(self):
            self.assertEqual(saa_ya_kiswahili(12), 6)

        def test_saa_kumi_na_mbili_asubuhi(self):
            self.assertEqual(saa_ya_kiswahili(6), 12)

Mstari wa pili unaleta fanksheni kutoka faili la kwanza. Neno class linaanzisha klasi, yaani kifurushi cha majaribio yanayohusiana, na kila def ndani yake ni jaribio moja linalojitegemea. Kazi yenyewe inafanywa na assertEqual. Maana yake ni kudai: "hivi viwili ni sawa". Ndani yake huwekwa jibu la fanksheni, halafu mkato, halafu jibu linalotarajiwa. Majaribio huendeshwa kwa kuandika amri hii katika dirisha la amri, ukiwa ndani ya folda hiyo (kwenye kompyuta nyingine neno la kwanza huwa python3):

    python -m unittest

Kompyuta huandika nukta moja kwa kila jaribio lililofaulu na herufi F kwa kila lililofeli. Kwa faili la hapo juu kutatokea nukta mbili na F moja, na chini yake maelezo yenye mistari hii:

    AssertionError: 0 != 12

    Ran 3 tests in 0.001s

    FAILED (failures=1)

Mstari wa kwanza ndio wa kusoma. Unasema kwamba fanksheni imerudisha 0 mahali palipotarajiwa 12. Alama != maana yake "si sawa na". Jaribio lililofeli ni lile la saa kumi na mbili asubuhi: 6 kutoa 6 ni 0, na baki ya 0 ni 0. Lakini Kiswahili hakina saa sifuri. Kosa hilohilo lipo saa 18:00, yaani saa kumi na mbili jioni. Fanksheni inakosea mara mbili tu kati ya saa 24, na mara hizo mbili ni zile ambazo watu wengi huanza safari na kufunga kazi.

Mwanafunzi asivunjike moyo anapoona herufi F. Hapo jaribio ndipo limelipa gharama yake.

Kusahihisha

Njia ya haraka ni kuongeza sharti: jibu likiwa 0, rudisha 12. Inafanya kazi. Njia nyingine ni kurekebisha hesabu yenyewe ili baki ianzie mahali panapofaa:

    def saa_ya_kiswahili(saa):
        return (saa + 5) % 12 + 1

Kwa saa 6: 11 kugawanya kwa 12 baki ni 11, kujumlisha 1 ni 12. Kwa saa 7: 12 kugawanya kwa 12 baki ni 0, kujumlisha 1 ni 1. Amri ileile ikiendeshwa tena hutoa nukta tatu na neno OK. Mwanaprogramu amebadilisha hesabu nzima na katika muda usiofika sekunde moja amejua kwamba saa moja na saa sita hazikuharibika alipokuwa akitengeneza saa kumi na mbili. Faida hii huongezeka kadiri programu inavyokua, kwa sababu marekebisho ya mahali pamoja huvunja kitu mahali pengine mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Kujumlisha 5 badala ya kutoa 7 si suala la ladha tu. Katika Python, (saa - 7) % 12 + 1 ingetoa majibu yaleyale sahihi. Katika Java, JavaScript na C ingekosea, kwa sababu lugha hizo hurudisha baki hasi namba inayogawanywa ikiwa hasi: kwa usiku wa manane, yaani saa 0, hesabu ni -7, baki ni -7, na jibu ni -6 badala ya 6. Python hurudisha baki chanya pale namba inayogawa ikiwa chanya. Mtu anayehamisha programu kutoka lugha moja kwenda nyingine bila kuhamisha majaribio yake hukutana na mambo ya namna hii bila kuyatarajia.

Jibu linalotarajiwa hutoka wapi

Huu ndio msingi wa jambo lote, na ndipo wanaoanza huteleza zaidi. Jibu linalotarajiwa lazima litoke nje ya msimbo unaokaguliwa. Linaweza kutoka kwenye kalenda, kwenye kanuni iliyochapishwa, kwenye hesabu iliyofanywa kwa mkono, au, kama hapa, kwenye ujuzi wa lugha. Mwanafunzi asiyejua jibu huendesha fanksheni, hutazama inachotoa, kisha hunakili namba hiyo ndani ya jaribio. Jaribio la namna hiyo hufaulu daima, pamoja na kosa lake. Angefanya hivyo kwa fanksheni ya kwanza, angeandika kwamba saa ya Kiswahili ya 6 ni 0, na kuanzia hapo jaribio lingelinda kosa badala ya kulifichua. Ni sawa na mtahiniwa kusahihishiwa mtihani kwa kutumia karatasi yake mwenyewe.

Kwa sababu hiyohiyo haifai kurudia ndani ya jaribio hesabu iliyomo katika fanksheni. Kuandika kwamba saa_ya_kiswahili(6) ni sawa na (6 + 5) % 12 + 1 ni kuuliza swali moja mara mbili. Jaribio zuri huandika 12, wazi, ili hata mtu asiyejua Python aweze kusema kama ni kweli.

Kuchagua thamani za kujaribu

Thamani moja ya kawaida inatosha kuonyesha kwamba fanksheni ina uhai. Baada ya hapo nguvu zielekezwe mipakani. Kwa saa mipaka ni 0, 5, 6, 7, 17, 18, 19 na 23. Fanksheni hii ina bahati isiyo ya kawaida: thamani zote zinazoruhusiwa ni 24 tu, hivyo zote zinaweza kujaribiwa kwa orodha moja inayoanza usiku wa manane:

    def test_siku_nzima(self):
        majibu = [6, 7, 8, 9, 10, 11, 12, 1, 2, 3, 4, 5,
                  6, 7, 8, 9, 10, 11, 12, 1, 2, 3, 4, 5]
        for saa in range(24):
            self.assertEqual(saa_ya_kiswahili(saa), majibu[saa])

Programu nyingi hazina bahati hiyo, na mipaka ndiyo inayobaki. Fanksheni ya kutoa madaraja ya mtihani inaonyesha uzito wa jambo hili. Katika mtihani wa kidato cha nne Tanzania, daraja A ni alama 75 hadi 100 na B ni 65 hadi 74. Mwanaprogramu akiandika "zaidi ya 75" badala ya "75 au zaidi", programu itatoa majibu sahihi kwa wanafunzi karibu wote. Atakayeumia ni yule tu aliyepata 75 kamili, na hatajua kwa nini ana B. Majaribio mawili, la 74 na la 75, yanamaliza hatari hiyo. Jaribio la alama 90 halisaidii chochote hapo, hata likirudiwa mara mia.

Kuna pia thamani zisizoruhusiwa. Fanksheni ifanye nini ikipewa saa 25, au -1? Kama ilivyo sasa, itarudisha 7 kwa saa 25 bila kusita, kana kwamba kuna saa ya namna hiyo. Heri ikatae. Katika Python kukataa hufanywa kwa kuinua kosa, na fanksheni kamili inakuwa hivi:

    def saa_ya_kiswahili(saa):
        if saa < 0 or saa > 23:
            raise ValueError("saa iwe kati ya 0 na 23")
        return (saa + 5) % 12 + 1

Kukataa nako hujaribiwa:

    def test_saa_isiyokuwapo(self):
        with self.assertRaises(ValueError):
            saa_ya_kiswahili(25)

Jaribio hili hufaulu pale tu fanksheni inapokataa. Saa 24 ni swali gumu zaidi, kwa kuwa wako wanaoandika 24:00 kwa maana ya usiku wa manane. Fanksheni ya hapo juu inaikataa. Mwingine angeweza kuikubali na kurudisha 6. Lolote litakaloamuliwa liandikwe katika jaribio, ili atakayesoma programu miaka mitatu baadaye ajue kwamba uamuzi ulifanywa na haukusahauliwa.

Makosa ya kawaida ya wanaoanza

Kosa linalowapata hasa wanaoandika kwa Kiswahili ni la majina. Moduli ya unittest huendesha tu fanksheni ambazo majina yake yanaanza na test, na amri iliyotajwa juu hutafuta tu mafaili ambayo majina yake yanaanza na neno hilohilo. Mtu akiliita jaribio lake jaribio_saa_moja, jina zuri na linaloeleweka, halitaendeshwa kamwe, na kompyuta haitamwonya mradi kuna majaribio mengine yaliyoendeshwa. Dawa ni kuacha test mwanzoni na kuendelea kwa Kiswahili, na kila mara kutazama idadi iliyo mbele ya neno Ran: je, ni sawa na idadi ya majaribio yaliyoandikwa?

La pili ni fanksheni inayoandika jibu kwenye skrini kwa print badala ya kulirudisha kwa return. Kwa macho ya binadamu mambo mawili hayo yanafanana. Kwa jaribio hayafanani hata kidogo. Jibu lililoandikwa kwenye skrini haliwezi kukamatwa na assertEqual, na ujumbe wa kosa utakuwa None != 1, ambapo None maana yake fanksheni haikurudisha kitu.

La tatu huonekana kama kompyuta imekwama. Programu nyingi za wanafunzi zina mistari chini ya faili inayomwomba mtumiaji aandike namba kwa kutumia input. Jaribio linapolileta faili hilo, mistari hiyo nayo huendeshwa, na kompyuta hukaa ikisubiri kibodi huku mwanafunzi akisubiri majibu. Mistari ya kuzungumza na mtumiaji iwekwe chini ya sharti hili, ambalo hutimia tu faili linapoendeshwa lenyewe:

    if __name__ == "__main__":
        saa = int(input("Andika saa (0-23): "))
        print("Saa ya Kiswahili ni", saa_ya_kiswahili(saa))

Kosa la nne ni la kuamini jaribio ambalo halijawahi kuonekana likifeli. Huenda linakagua kitu kingine, au haliendeshwi kabisa. Njia ya kulipima ni kuiharibu fanksheni makusudi, kwa mfano kubadili 5 kuwa 4, kuendesha majaribio na kuona F zikitokea, kisha kurudisha 5. Kazi hiyo huchukua nusu dakika.

Fanksheni zinazotegemea saa ya ukutani

Mwanafunzi anaweza kutaka programu iseme "saa hizi ni saa ngapi", na kwa hiyo fanksheni yake ikasoma saa ya kompyuta yenyewe. Fanksheni hiyo haijaribiki kwa urahisi, maana jibu lake sahihi hubadilika kila saa: jaribio lililofaulu asubuhi litafeli jioni bila mtu kugusa chochote. Litafeli pia kwenye kompyuta iliyowekwa saa ya nchi nyingine. Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya saa ya dunia ya UTC, wakati kompyuta nyingi za kukodi kwenye mtandao huwekwa UTC yenyewe.

Suluhisho la kawaida ni kutenganisha kazi mbili. Fanksheni moja, fupi kabisa, husoma saa ya kompyuta. Nyingine, kama saa_ya_kiswahili, hupokea namba na kuigeuza. Hesabu zote hukaa kwenye hiyo ya pili, nayo hujaribiwa kwa namba yoyote wakati wowote. Wengi wamegundua kwamba msimbo ulio mgumu kujaribiwa mara nyingi ni msimbo uliochanganya kazi nyingi mahali pamoja. Mgawanyo huohuo hutumika kwa programu zinazosoma mafaili, zinazotumia mtandao au zinazochagua namba kwa bahati nasibu.

Historia

Kukagua programu sehemu kwa sehemu ni desturi ya zamani karibu sawa na uandishi wa programu wenyewe, lakini zana za kuifanya kazi hiyo iwe nyepesi zilienea katika miaka ya 1990. Mmarekani Kent Beck alitengeneza SUnit kwa ajili ya lugha ya Smalltalk na kueleza mpango wake katika makala ya mwaka 1994. Mwaka 1997, yeye na Erich Gamma kutoka Uswisi waliandika JUnit kwa ajili ya lugha ya Java. Sehemu ya kwanza waliiandika pamoja ndani ya ndege wakisafiri kutoka Zurich kwenda Atlanta. Kutoka JUnit zilizaliwa zana za mfano huohuo kwa lugha nyingi. Ile ya Python, iliyoandikwa na Steve Purcell, ilitolewa kama sehemu ya Python 2.1 mwaka 2001, na ndiyo unittest ya leo. Majina kama assertEqual na TestCase, yasiyofanana na mtindo wa kawaida wa Python, ni alama ya ukoo huo.

Beck alieneza pia desturi ya kuandika jaribio kabla ya fanksheni yenyewe: kwanza jaribio linalofeli, kisha msimbo wa kutosha kulifaulisha, kisha usafi. Desturi hiyo ina wafuasi wakali na wapinzani wakali. Kwa mwanafunzi ina faida moja ambayo haina ubishi, nayo ni kwamba inamlazimu aseme anataka jibu gani kabla hajaanza kulitafuta.

Mahali majaribio yasipofika

Majaribio kufaulu si uthibitisho kwamba programu haina kosa. Yanathibitisha tu yale yaliyoulizwa. Mholanzi Edsger Dijkstra, mmoja wa waasisi wa elimu ya kompyuta, alilisisitiza jambo hili tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Fanksheni ya saa inaweza kufaulu majaribio yote 24 na bado isimfae mtumiaji, kwa mfano ikiwa yuko Muscat na programu imempa saa ya Dar es Salaam, ambazo zinapishana kwa saa moja.

Jaribio haliwezi pia kuamua jambo ambalo watu wenyewe hawajakubaliana. Hatua inayofuata kwa programu hii ingekuwa kuongeza majira ya siku: asubuhi, mchana, jioni, usiku. Hesabu yake ni rahisi kuliko ile ya saa, lakini mwandishi wa jaribio atakwama kwenye jibu linalotarajiwa. Saa 16:00 ni saa kumi jioni kwa wengi, na wengine huiita saa kumi alasiri. Saa 04:00 huitwa saa kumi usiku na saa kumi alfajiri, na saa 06:00 iliyotajwa mwanzoni ni alfajiri kwa mmoja na asubuhi kwa mwingine. Programu inaweza kuchagua mpaka mmoja na jaribio likaulinda, lakini mpaka wenyewe utatoka kwa wasemaji. Dakika hazina tatizo hilo, kwa kuwa ni zilezile katika mihesabu yote miwili, isipokuwa anayetaka programu iseme "saa moja kasorobo" kwa 06:45 atahitaji kuitaja saa inayokuja badala ya iliyopo, na kwa 05:45 na 06:45 atakuwa tena kwenye mpaka wa kumi na mbili.